Ishara ya Asali

Taa zilizimika Manju Nyanzobe akiwa katikati ya tusi.

Tusi lenyewe lilikuwa halali kabisa. Lilikuwa la kwenye wimbo, limetungwa kwa ajili ya Bulugu, manju na mwimbaji kiongozi wa chama cha ngoma cha Mbiu, na lilikuwa limefika mahali patamu, pale panapotajwa tumbo lake na jinsi linavyowahi kufika uwanjani kabla ya mwenyewe. Ghafla giza. Ngoma zikapotezana, wachezaji wakagongana, majembe ya kuchezea yakaanguka chini kwa kishindo, na sauti ya manju ikapanda kutoka gizani bila kipaza sauti na bila kukihitaji.

"Kashinje! We binti wa kaka yangu! Unanizimia taa mimi?"

Kashinje alikuwa juu, kwenye jukwaa la mbao lililofungwa karibu na paa la kiwanda cha zamani cha kuchambua pamba, ambacho chama cha Radi kilikigeuza ukumbi wa mazoezi. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Shangazi, tulikubaliana beti tatu! Mpango wa taa una beti tatu!"

"Ya nne ilikuja yenyewe."

"Basi ije na taa zake!"

Watu wakacheka, manju akiwa wa kwanza, maana mama yule alikuwa na hasira za moto wa karatasi. Lakini Kashinje alichoka jamani. Kupanga taa za ngoma ni kazi ya kujua mtu atafanya nini kabla hajafanya. Unauchukua wimbo, unaukata vipande: hapa nyekundu ipande polepole, hapa bluu ikate ghafla, hapa manju amulikwe peke yake. Kila kipande unakiita ishara. Unazipanga ishara zako foleni, halafu siku ya onyesho unabonyeza kitufe kimoja kikubwa kilichoandikwa TWENDE, nazo zinafuatana kama watoto wa chekechea walioshikana mashati. Kazi tamu sana, mradi watu wa jukwaani watimize walichoahidi. Manju Nyanzobe alikuwa hajawahi kutimiza alichoahidi kuhusu idadi ya beti tangu azaliwe.

Na msimu huu hapakuwa na nafasi ya kuboronga. Radi walikuwa wameshindwa na Mbiu misimu sita mfululizo. Kanuni za uwanja wa Ngudu zinajulikana mpaka na watoto: chama kikishindwa mara ya saba, kinakabidhi jina. Hakuna tena Radi. Wachezaji wake wanacheza chini ya jina la aliyewashinda, na manju wake anakuwa mwitikiaji tu.

"Mimi nimwitikie Bulugu!" Nyanzobe alikuwa akisema kila siku, chai ikimpalia. "Afadhali nikauze mitumba huko mwezini."

Na huko mwezini tayari walikuwapo watu wa Ngudu wanaouza mitumba, kwa hiyo hakuwa anatania sana.

*

Pale Ngudu hakuna majaji. Hilo halijabadilika tangu enzi za mababu, pamoja na mambo yote mengine yaliyobadilika. Majukwaa mawili yanatazamana, yote yanapiga kwa wakati mmoja, na watu wanakwenda wanakovutwa. Filimbi ikilia, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Zamani walikuwa wakihesabu kwa macho na kupigana baadaye. Siku hizi kila anayeingia anavishwa kikuku getini, na kikuku kinasema amesimama upande gani. Kikuku hichohicho husikiliza mapigo ya moyo, na vyama vyote viwili vinaruhusiwa kuyasoma mapigo hayo kwenye meza zao za taa, mradi taa ifuate watu.

Hapo ndipo Kashinje alipopata wazo. Badala ya kuzifunga ishara zake kwenye beti, akazifunga kwenye mioyo. Watu wakipandwa na mzuka, taa zipande nao. Watu wakitulia, zitulie. Hapo shangazi aimbe hata beti ishirini, taa hazitamkimbia.

Akavigawa vikuku vya mazoezi kwa wanachama, akajaribu. Ilifanya kazi vizuri mno, mpaka Nyanzobe akaongeza beti mbili kwa makusudi, kumkomoa, na taa zikamfuata zote mbili kwa unyenyekevu.

Ila mpanga taa haachi kitu kikiwa kizuri. Taa zilikuwa zinachelewa kidogo, kidogo sana, kwa sababu lazima moyo upige ndipo taa ijue. Kashinje akaona aziwahishe. Akaziambia zikisie pigo linalofuata, zitangulie kwa kiasi cha unywele. Na akiwa ameketi pale juu na miwani yake myeusi ya kazi, akaona jambo kwenye meza lililomfanya asahau kumeza mate. Mioyo ilikuwa inaifuata taa. Akaipunguza taa mwendo, mioyo ikapungua. Akaiongeza, ikaongezeka, yote kwa pamoja, na hakuna mtu pale chini aliyejua.

Alikaa na jambo hilo wiki nzima. Akajifunza ni mwendo upi unafuatwa na upi, na ni rangi gani inayomfungua mtu uso. Mwisho akawa na kifungu cha ishara zinazojiendesha zenyewe: ya kwanza inaidaka mioyo, zinazofuata zinaitembeza, na ya mwisho inamwaga jukwaani rangi ya asali mbichi. Akakiita kifungu chote Ishara ya Asali, na jioni ya Jumamosi akakibonyeza bila kumwambia mtu.

Jamani! Waliokuwa wamenuniana kwa ajili ya zamu ya kufagia wakashikana mikono. Wachezaji waliokuwa nje wanapumzika wakaingia ndani wenyewe, wakasogea mpaka miguuni pa jukwaa, wakitabasamu kama wameona mtoto mchanga. Nyanzobe akaimba mpaka machozi yakamtoka. Na Mzee Gamaya, mpiga ngoma kubwa, ambaye tangu amzike mkewe Minza alikuwa anapiga vizuri bila kosa na bila uso, akarusha kichwa nyuma na kucheka. Alicheka kwa sauti nene, mabega yakitikisika.

Kashinje alijisikia raha isiyo na kifani. Alijua msimu umeisha kabla haujaanza.

*

Asubuhi yake alikuwa akifuta vioo vya taa aliposikia ngazi ikilia. Mzee Gamaya hakuwa mtu wa kupanda ngazi. Alifika juu akihema, akaketi kwenye boksi la nyaya.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Jana nilicheka."

"Nilikuona. Nilifurahi sana."

"Mwaka mzima sijacheka," alisema Gamaya. "Nilikuwa najiambia, siku ya kucheka ikija nitaijua. Nitaenda nyumbani nimwambie Minza, haya mama, leo nimecheka, usinune. Sasa jana nimefika nyumbani, nimekaa kitandani, nimefungua mdomo, nikakosa la kumwambia." Alimtazama. "Watu wanasema ulikuwa na taa mpya. Aliyecheka ni mimi, au ni taa?"

Kashinje angeweza kudanganya. Alikuwa na maneno ya kutosha ya kitaalamu ya kumchanganya mzee mpaka adhuhuri. Lakini mtu mwenyewe alikuwa amempandia ngazi kwa magoti yale.

"Ni taa, baba. Nisamehe. Haidhuru mwili, inaisha baada ya muda wa kuchemsha chai. Ila ni taa."

Chini watu walikuwa wakipakua uji, vikombe vinagongana.

"Sikiliza," alisema Gamaya. "Sijaudhika kwa kucheka. Kulikuwa kutamu, nisiseme uongo. Nimeudhika kwa sababu hukuniuliza. Ungeniuliza, pengine ningekubali. Pengine ningesema ngoja kwanza. Sasa umeingia ndani kwangu mlango ukiwa umefungwa, ukanipangia vyombo. Umepanga vizuri. Lakini nani alikufungulia?"

Akashuka polepole, akaenda kunywa uji. Kashinje akabaki na kitambaa mkononi, aibu imemjaa mpaka masikioni.

Alipompelekea shangazi yake habari hiyo, akikusudia kuifuta ishara yote, Nyanzobe alimsikiliza huku akisuka ukindu, kisha akapiga ulimi.

"Mwenzako mjane, amechoka. Usichukue maneno ya mtu aliyechoka ukayafanya sheria. Babu yako, manju wa kwanza wa Radi, alikuwa anafukia dawa uwanjani ili watu wavutwe. Alimwuliza nani? Dawa ya kuvuta watu ni nusu ya ngoma, tangu zamani."

"Shangazi, dawa ya babu mtu aliweza kuishinda. Angesema leo sina hamu, akaenda zake. Hii haishindiki. Nimeipima kwa kila aliyekuwapo. Hakuna aliyebaki."

"Basi si ndiyo dawa nzuri hiyo?"

"Hiyo siyo dawa. Ni kamba."

Nyanzobe akauweka ukindu chini. Kwa mara ya kwanza Kashinje aliona jinsi mikono ya shangazi ilivyozeeka.

"Mwanangu, nikikosa jina hili nimebaki na nini? Mimi sikuzaa. Nimezaa Radi. Watu watafurahi, hakuna atakayeumia, na sisi tutabaki. Sikuombi uibe. Ninakuomba uwafurahishe."

Kashinje alirudi juu akaiacha ishara mahali pake, mwisho wa foleni, bila kuifuta na bila kuamua.

*

Siku ya shindano uwanja wa Ngudu ulifurika. Turubai kubwa la kivuli lilitandazwa juu, lile linalotii amri. Mwamuzi, ambaye kazi yake ni filimbi na kanuni tu, akasema neno moja, nalo likaingia weusi, na mchana wa saa tisa ukawa jioni chini yake. Nje pembeni jua liliendelea kuchoma kama kawaida.

Bulugu alikuwa amejiandaa, mshenzi yule. Alitoka tumbo mbele, kama wimbo ulivyosema, na juu ya kichwa chake akatokeza chatu wa mwanga, mrefu kama treni, akawa anaogelea hewani juu ya watu na kufungua mdomo kila ngoma ilipopigwa. Watoto walipiga kelele za raha. Watu wazima nao wakajidai wanafuata watoto. Taratibu uwanja ukainama upande wa Mbiu, na mbele ya jukwaa la Radi wakabaki ndugu, majirani, na wale ambao miguu iliwauma wasiweze kuvuka.

Nyanzobe aliimba vizuri kuliko siku zote. Kashinje alimpa taa zake zote za halali, zinazofuata wala haziongozi, na kwa ile mioyo michache iliyobaki zilicheza kwa heshima. Haikutosha. Mwamuzi Sollo aliinua mkono kuonyesha kwamba filimbi imekaribia. Manju akamtazama Kashinje kutoka jukwaani, akagusa kifua chake kwa kiganja. Ilikuwa ndiyo alama yao. Bonyeza.

Kule juu kwenye jukwaa lake la taa, kidole cha Kashinje kilikuwa kwenye kitufe. Aliona uwanja mzima, migongo ya watu waliokuwa wakimfurahia chatu kwa akili zao wenyewe, na akaona jinsi ambavyo baada ya kitambo kidogo wangegeuka wote, uso mmoja. Aliona pia shangazi yake akimwitikia Bulugu. Moyo ulimuuma kwa yote mawili. Akaondoa kidole, akazirudisha taa zote kwenye weupe wa kawaida, akachukua kipaza sauti cha matangazo.

"Jamani, samahani. Naomba mnisikilize kidogo."

Ngoma za Radi zikasita. Hata za Mbiu zikapungua, kwa umbea.

"Naitwa Kashinje, napanga taa za Radi. Hapa mezani nina ishara moja. Nikiibonyeza mtafurahi, wote, na miguu yenu itakuja hapa. Haitakuwa kwa sababu mmependa ngoma yetu. Itakuwa kwa sababu nimebonyeza. Haidhuru, na inaisha upesi, lakini huwezi kuizuia. Nimeona si uungwana niwafanyie kimyakimya. Asiyeitaka atoke nje ya turubai, juani haifiki. Nitangoja mpaka atakaye kutoka atoke."

Mama mmoja akamvuta mwanawe. Baba mmoja akajifunika macho na kofia. Watu walioudhika wakaanza kutoka, wengine wakisonya, na mbele ya jukwaa la Radi hata baadhi ya majirani wakaondoka. Nyanzobe alitua kipaza sauti chake chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Umetuzika, Kashinje," alisema, sauti imekwisha. "Umetuzika na ngoma zetu."

Kashinje aliinamia meza. Machozi yalikuwa yamekwishajaa ndani ya miwani.

Ndipo bibi mmoja, mwenye magongo mawili na kilemba cha njano, akapasua katikati ya watu wa Mbiu.

"We binti! Hiyo furaha yako ni ya kulipia?"

"Hapana bibi, ni bure."

"Inauma?"

"Haiumi."

"Sasa mnaogopa nini nyie?" bibi akawauliza walio karibu. "Mimi magoti yangu yamesahau furaha. Nipisheni." Na akaanza kuvuka uwanja, gongo moja, gongo la pili, akifoka kila aliyesimama njiani.

Nyuma yake kijana mmoja akapaza sauti: "Mimi taa haiwezi kunipata! Naenda pale nisimame, tuone!" Mwenzake akamcheka: "Wewe? Wewe unalia kwenye matangazo ya sabuni!" Wakavuka pamoja wakibishana. Na kumbe hilo ndilo lililofungua bomba. Wapo waliokuja kwa sababu wanaitaka furaha, na wapo, wengi zaidi, waliokuja kuhakikisha kwamba wao haiwapati. Walimu walikuja. Wauza karanga walikuja na masinia yao. Wachezaji wawili wa Mbiu waliruka kutoka jukwaani kwao, wakijificha nyuma ya wenzao. Chatu wa mwanga akabaki anafungua mdomo juu ya nyasi tupu.

Filimbi ikalia.

Hesabu ya vikuku ikaonekana ubaoni. Waliotoka juani hawakuhesabiwa upande wowote. Kati ya waliobaki, Radi walikuwa wamezidi, si kwa wingi wa kujivunia, bali wamezidi.

Bulugu alikuja mbio, jasho linamtiririka. "Haki iko wapi hapa? Amewavuta kwa taa! Kanuni inasema taa ifuate watu!"

Mwamuzi Sollo alizitazama taa za Radi, nyeupe, wazi, kama za zahanati. "Taa ipi, Bulugu? Nionyeshe iliyowaka."

Bulugu akatafuta, akakosa. Nyanzobe alikuwa ameshapanda ngazi kwa kasi ambayo hakuna aliyejua bado anayo, akamkumbatia Kashinje mpaka miwani ikaenda upande, huku akimtukana kwa mapenzi, "Mjinga wewe, mjinga mtamu, karibu uniue." Walilia na kucheka kwa pamoja, na huko chini Radi nzima ikawa inarushana hewani.

Lakini uwanja ulikuwa haujamaliza. Bibi wa magongo akagonga ukingo wa jukwaa.

"Haya, mmeshinda, hongereni. Furaha yetu iko wapi? Mimi nimetembea!"

"Washa! Washa!" wakaitikia, wale wa kutaka na wale wa kubisha.

Kashinje akarudi mezani. Kidole kilikuwa njiani kuelekea kitufe alipomwona Mzee Gamaya nyuma ya ngoma yake kubwa, chini kabisa ya mmuliko, mahali ambapo Asali ingemfikia kwanza. Mtu anayepiga hawezi kutoka; bila yeye hakuna ngoma. Akainama juu ya ukingo.

"Baba! Niwashe?"

Uwanja mzima ukageuka kumtazama mzee, nusu yao wakiwa hawajui ni nani. Gamaya aliviweka vijiti magotini, akawaza bila haraka, kama hakuna watu wanaomsubiri.

"Asante kwa kuniuliza," alisema. "Leo hapana. Leo ninayo kidogo ya kwangu, ilianza yule bibi alipotukana watu njiani. Nataka nione itafika wapi."

"Na ngoma?"

"Kwani jua linazuia ngoma?"

Akajitwika ngoma yake begani, akakataa kusaidiwa, na watu wakampisha. Walikuwa wakipiga kelele, wakawa wananyamaza kila alipopita. Kashinje alingoja. Wengine wachache walimfuata mzee wakatoka naye, akawangoja na wao. Nyanzobe, ambaye hajawahi kungoja kitu maishani, alisimama kando yake na kungoja pia.

Mzee Gamaya alifika nje ya kivuli, akawapa mgongo, akaketi juani na kuiweka ngoma katikati ya miguu. Mapigo yakaanza kuingia chini ya turubai, mazito na ya taratibu. Yalipokolea, Kashinje akabonyeza.